Upana wa Vidole Viwili

Kioo cha mkanda mpya wa mkononi kilikuwa na upana wa vidole viwili, na ndani yake ilibidi kuingie kila kitu ambacho mtu angehitaji kusema.

Tunu Shekiondo aliuweka mkanda huo mezani, kando ya kibao cha baba yake. Kibao kilikuwa kikubwa kama sinia la chai. Kwa miaka mitatu, tangu homa ya koo ilipopita Korogwe na kuondoka na sauti za nusu ya wazee, Mzee Hoza Shekiondo alikuwa akizungumza kwa kukigusa. Anachagua neno, na kibao kinalitamka kwa sauti yake mwenyewe, iliyojengwa kutokana na rekodi za mnada. Kabla ya homa alikuwa mnadi wa mitumba katika soko la Manundu, na watu waliokuwa stendi walikuwa wakisikia bei zake bila kutaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," kikajibu kibao.

"Umeamkaje?"

"Salama." Kidole cha mzee kikahamia upande wa kulia, kwenye safu nyembamba ya rangi ya machungwa iliyokuwa imeandikwa juu yake LAKINI. "Lakini sukari imeisha."

"Nimekuletea."

"Nani anaongeza?" Mzee akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Maneno hayo ya mnada aliyatumia kwa kila kitu: kuomba chai ya pili, kumfukuza mgeni aliyekaa sana, kumtania binti yake kwamba muda wa kuolewa unapita.

Tunu alimweleza tena jambo ambalo tayari alilijua. Vibao vilikuwa vikikusanywa. Madini ya vioo vyake yalikuwa hayapatikani tena, na kioo cha kibao kimoja kilitosha mikanda kumi na moja. Lushoto peke yake kulikuwa na watu elfu mbili ambao hawajatamka neno tangu homa.

"Kumi na moja," kikasema kibao. "Nani anaongeza?"

"Hakuna anayeongeza, baba. Ni kumi na moja."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto afungwe mkanda.

Kitufe kinahitaji milimita tisa ili kidole cha mtu mzima kikiguse bila kukosea. Kidole cha Mzee Hoza, kilichovimba viungo na kisichoweza tena kushika kalamu, kilihitaji kumi na mbili. Kwenye mkanda vilienea vitufe vinne, kimoja chini ya kingine. Kibao kilikuwa na vitufe sitini, herufi zote, na ile safu ya pembeni. Programu aliyoiandika Tunu ilikuwa ikipima upana wa kioo kabla ya kuchora chochote. Kioo kikiwa kipana, safu zote zinatandazwa. Kikiwa chembamba, safu ya pembeni inakunjwa, na vyote visivyoenea vinaingia ndani ya alama ya mistari mitatu kwenye kona ya juu. Katika kila kikao Tunu alikuwa akikumbusha: havifutwi, vinakunjwa tu.

"Gusa mistari hii."

Mzee akagusa. Orodha ikateleza kutoka pembeni, kiungo cha kidole kikagusa ukingo, orodha ikajifunga. Akarudia. Ikajifunga. Mara ya tatu ikabaki wazi, na mzee akagusa kibao, kilichokuwa bado mezani, nacho kikapaza sauti: "Ya mwisho hiyo!"

Tunu akacheka, akaandika kwamba hatua hiyo imepita.

"Kuna jambo jingine. Huu mkanda unasikia mapigo ya moyo na joto la mwili. Tukitaka, unaweza kusema wenyewe ukiona hali yako si nzuri. Bila wewe kugusa kitu."

Mzee Hoza akakivuta kibao karibu. Aliandika herufi moja moja, na Tunu akasubiri.

SITAKI.

"Ni kwa usalama tu, baba."

NILIUZA KWA SAUTI HII MIAKA THELATHINI. HAIKUWAHI KUTAJA BEI NISIYOITAJA MIMI.

Tunu aliona hoja hiyo haina kasoro. Aliporudi kazini aliiweka kuwa kanuni ya kwanza ya mradi, kwa lugha ya ofisi: kifaa hakitasema neno ambalo mwenye nacho hakulichagua.

Ilibaki hatua moja. "Fungua mistari, gusa 'Lakini', halafu gusa 'Naumwa'."

Mzee akaurudisha mkono kifuani. Alimtazama binti yake kama mtu aliyemsikia mtoto akipiga mluzi ndani ya nyumba usiku.

SIUMWI.

"Najua. Ni jaribio."

USINITABIRIE.

Tunu akairuka hatua hiyo, na alipoondoka akakichukua kibao.

*

Kitengo cha Sauti, alikofanya kazi Tunu, kilikuwa ghorofa ya pili, Tanga mjini, juu ya duka la vitambaa. Wajaribu wote walikuwa wafanyakazi wa jengo hilohilo, watu wazima wenye sauti zao, waliofungwa mikanda kwa wiki mbili na kuombwa wasizungumze kwa midomo saa za kazi. Walisalimiana kwa mikanda. Waliomba maji, waliitana chakula cha mchana, walishukuru. Hakuna hata mmoja aliyegusa maneno yaliyokuwa chini ya 'Lakini'.

"Nani amejaribu 'Nimefiwa'?" Tunu aliuliza kwenye kikao. "Nani amejaribu 'Naumwa'?"

Akamgeukia aliyekaa karibu naye.

"Kihiyo?"

Kihiyo ndiye aliyeandika sehemu ya programu inayohesabu miguso. Alikuwa fundi mzuri, mwenye mdomo. "Mke wangu yuko mwezi wa saba, dada. Unataka nikae hapa nibonyeze 'Nimefiwa'? Huo ni uchuro. Kabonyeze wewe."

"Ni kitufe, Kihiyo. Hakina masikio."

"Basi si ukibonyeze."

Wenzake wakacheka. Tunu alikuwa na mkanda mkononi na kidole kilikuwa huru. Hakukibonyeza. Baba yake alikuwa hai.

Baada ya kikao wawili hao walibaki. Swali lilikuwa ni vitufe vipi vinne vikae mbele, na nani avichague. Tunu alikuwa ameacha nafasi moja ikiwa imefungwa kwa ajili ya 'Lakini', isiyoweza kusogezwa na kitu chochote.

"Ukiifunga hiyo, wanabaki na tatu," alisema Kihiyo. "'Ndiyo', 'Hapana', 'Marahaba'. Mtu hawezi hata kusema 'Salama'. Akiulizwa habari anyamaze?"

"Hawezi kunyamaza."

"Ndiyo maana yake. Acha watu wapange wenyewe. Neno linaloguswa sana linapanda, lisiloguswa linashuka. Mkanda wa kila mtu unafanana na mwenyewe. Sisi ni nani tumchagulie mtu mzima maneno ya mbele? Si wewe uliyeandika kanuni ya kwanza?"

Tunu aliitafuta kasoro katika hoja hiyo pia, na hakuiona. Kuondoa ile nafasi iliyofungwa kulihitaji kufuta mstari mmoja wa programu. Aliufuta.

Namna programu ya Kihiyo ilivyofanya kazi ilikuwa rahisi. Kila neno lilianza na hesabu yake kutoka kwa wajaribu, kisha hesabu ya mwenye mkanda ikaongezwa juu yake. Kilichosahaulika ni kwamba mtu husalimiwa mara nyingi kuliko anavyougua. Mzee anayekaa barazani Korogwe husalimiwa na kila anayepita, na kila salamu inadai majibu matatu au manne kabla mpita njia hajaridhika. 'Naumwa' lilitoka ofisini likiwa na sifuri, kwa sababu watu wazima kumi na wanane waliogopa kujitabiria. Ndani ya mwezi mmoja, mkanda wa Mzee Hoza ulikuwa umejipanga hivi, kutoka juu kwenda chini: 'Marahaba', 'Salama', 'Alhamdulillahi', 'Karibu'. 'Ndiyo' na 'Hapana' vilikuwa vimeshuka ndani ya mistari mitatu pamoja na mengine yote.

Tunu aliuona mpangilio huo ofisini, akafurahi. Ulionyesha kwamba baba yake anautumia mkanda.

*

Alimpigia kila asubuhi kabla ya kuingia kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Zamani baada ya neno hilo kulikuwa na sukari iliyoisha, paa linalovuja, jirani aliyeoa tena bila kumwambia mtu. Sasa kulikuwa na kimya. Tunu alisikia kuku, na redio ya nyumba ya pili.

"Unakula vizuri?"

Kimya kirefu kidogo. "Alhamdulillahi."

"Asnati anapita?"

"Alhamdulillahi."

Asnati alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alipita kila siku, akasimama barazani, akasalimia, akauliza hali, akaendelea na nyumba nyingine. Tunu aliona kwamba baba yake amekuwa mchache wa maneno, akadhani ni umri. Alipanga kwenda mwisho wa mwezi amfundishe tena ile mistari mitatu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, simu ilitoka Korogwe badala ya kwenda huko. Aliyepiga alikuwa Asnati, naye hakusalimia.

Tunu alipanda garimoshi la saa nne na akawahi. Walizika baada ya alasiri. Daktari wa kituo cha afya alimwita pembeni na kumpa maelezo aliyoyaomba, kwa mpangilio aliouomba. Kilikuwa kidonda cha tumbo. Kilikuwa kikivuja damu kwa wiki mbili, labda tatu, kisha kikatoboka. Ugonjwa huo una dawa. Mgonjwa huona choo cheusi, mapema kabisa, na akisema hivyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

"Hakusema?" aliuliza daktari.

"Kila siku alisema salama," akajibu Tunu.

*

Siku ya pili ya matanga Asnati alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani karibu na Tunu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Dada Tunu, pole sana."

"Nimeshapoa." Ndilo jibu, na hakuna jingine.

"Nilipita kila siku, dada. Wallahi kila siku. Nikimwuliza, salama. Ningejuaje?"

"Hukuwa na namna ya kujua."

"Nilimwona amepungua. Nikamwuliza, mzee, unakula? Akasema alhamdulillahi." Asnati akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anawashwa tu, huo mkono. Nikadhani mkanda unambana."

"Anawashwa wapi?"

Asnati alinyoosha mkono wake wa kushoto. Akaweka kidole juu ya ngozi, si mahali pa mkanda bali kando yake, upande wa kulia. "Hapa. Akishasema salama, anagusa hapa. Anagusa, ananitazama. Anagusa tena. Kila siku, hapohapo. Jumanne nikamlegezea mkanda, akaendelea. Jumatano nikaja na mafuta ya nazi kutoka nyumbani, nikampaka vizuri, nikamsugua. Akaniangalia sana, dada. Halafu akasema alhamdulillahi."

Tunu aliuomba mkono wa Asnati na kuushika. Kutoka mahali ambapo kioo cha mkanda kingeishia hadi pale kidole kilipokuwa palikuwa na upana wa kidole kimoja. Kwenye kibao, ukishagusa 'Salama' na kuhamisha mkono kiasi hicho upande wa kulia, unafika kwenye safu ya rangi ya machungwa. Chini ya 'Lakini' kulikuwa na neno 'Tumbo' na neno 'Choo', na kifaa kiliyatamka kwa namna ileile kilivyotamka 'Sukari', bila kumwaibisha mtu. Mikono haiwezi kufanya hivyo. Mzee wa miaka sabini na minne hawezi kumwonyesha kwa ishara binti wa umri wa kitinda mimba wake kwamba choo chake ni cheusi. Angeweza kumwambia, kama adabu inavyotaka, baada ya kuitikia salamu.

Kidole chake kilijua neno liliko. Neno ndilo lililokuwa limehamishwa.

"Mafuta yalimsaidia?" aliuliza Asnati. "Niambie kweli. Maana ndicho kitu pekee nilichomfanyia."

Tunu aliendelea kuushika mkono wake.

"Yalimsaidia," akasema. "Aliniambia."

Asnati akainama na kulia kwa nguvu, na wanawake waliokuwa karibu wakamsogelea.

*

Aliporudi Tanga alikuta mikanda elfu arobaini iko kwenye maboksi, tayari kusambazwa Jumatatu. Kihiyo alimfuata hadi mezani kwake. Alisimama badala ya kukaa.

"Pole, dada. Nimesoma ulichoandika."

"Umeona kosa liko wapi?"

"Nimeliona. Sifuri zilitoka kwetu. Mimi nilikuwa wa kwanza kukataa."

"Wa kwanza alikuwa baba. Wa pili wewe. Wa tatu mimi."

Kihiyo akavuta kiti. "Tuwashe ile ya mapigo. Mkanda useme wenyewe. Damu ikipungua moyo unakwenda mbio, mkanda ungejua wiki nzima kabla. Ungekuwa umewashwa, mzee angekuwa hai. Hilo halina ubishi."

"Halina."

"Basi?"

"Alikataa."

"Alikataa bila kujua."

"Ndivyo watu wanavyokataa vitu vyote," Tunu alisema. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwenye garimoshi, kwa utaratibu, kama anavyofikiria kila kitu. Kuwasha kipimo kungeokoa watu, na idadi yao ingeweza kukadiriwa. Ingekuwa rahisi baadaye kuuongezea mkanda mambo mengine ya kusema kwa niaba ya mwenyewe, na wangejitokeza wa kuomba yaongezwe. Hilo pia lingeweza kukadiriwa. Hesabu hizo mbili hazikumpa jibu. Kilichompa jibu ni kile kidole. "Ingekuwa baba alinyamaza, ningekuelewa. Hakunyamaza. Wiki mbili alikuwa anasema, anasemea ngozi. Hakuhitaji wa kumsemea. Alihitaji nafasi, na mimi niliifuta kwa mkono wangu."

"Nafasi haipo, dada. Vidole viwili ni vidole viwili."

"Upana haupo. Muda upo."

Akamgeuzia kioo chake aone. Alikuwa ameandika programu upya. Mtu akigusa 'Salama', au neno lolote la kuitikia habari, vitufe vyote vinne vinaondoka. Kinabaki kimoja, kimejaa mkanda mzima kutoka ukingo hadi ukingo: LAKINI. Popote kidole kitakapoangukia, hata pembeni kabisa, kinakigusa. Asiyekuwa na la kuongeza anageuza mkono, na kitufe kinaondoka. Hakihesabiwi, hakipandi, hakishuki.

Kihiyo akakisogelea kioo. "Kila salamu?"

"Kila salamu."

"Mtu anasalimiwa mara hamsini kwa siku. Mara hamsini unamwuliza kama ana balaa? Watatutukana. Watasema mkanda una kisirani."

"Watutukane."

"Na nani ataijaribu? Unawajua watu wa hapa."

Tunu akafungua mkoba, akatoa mkanda wa baba yake. Kwa utaratibu wa Kitengo ulipaswa kurudishwa, sauti ifutwe, apewe anayefuata Lushoto. Sauti ilikuwa bado haijafutwa. Aliupakia programu mpya, akajifunga mkono wa kushoto. Ulikuwa umelegezwa tundu moja.

Wenzake waliokuwa meza za jirani waliacha walichokuwa wakifanya.

"Nisalimie," Tunu akamwambia Kihiyo.

"Nikusalimie wewe, au…"

"Salimia mkanda."

Kihiyo akakohoa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," ikajibu sauti ya Mzee Hoza, sauti iliyokuwa ikifika stendi. Mtu mmoja karibu na dirisha akasema taratibu jina la Mungu.

"Habari za leo?"

Tunu akagusa 'Salama', na mkanda ukalitamka. Vitufe vikaondoka. Kioo kikawa cha rangi ya machungwa chote. Hakukitafuta kitufe. Aliweka kidole pembeni, kwenye ukingo wa kulia, nusu juu ya kioo na nusu juu ya ngozi, na maneno yakafunguka manne manne kwa herufi kubwa. La kwanza lilikuwa lile ambalo hakuna mtu katika jengo hilo aliyewahi kuligusa. Sasa hakuwa na wa kumtabiria. Akaligusa.

"Lakini naumwa."

Sauti ilikuwa imejengwa kutokana na minada, kwa hiyo mwishoni ilinyanyuka, kama inayotaja bei na kusubiri atakayeongeza.

"Pole, mzee," akasema Kihiyo, kabla hajajizuia.

Hakuna aliyecheka. Tunu akasubiri hadi kioo kilipozimika, akavuta kibodi, akaandika kwamba hatua hiyo imepita.